Nyuma ya Kila Jina Kuna Nyumba

Maneno ya Kamati ya Fedha kwenye harambee ya mwaka ya wana wa nyumbani tunaoishi Dar es Salaam



Kila mwaka sisi wa Kamati ya Fedha husimama hapa na karatasi. Tunasoma mapato, tunasoma matumizi, tunasoma salio la benki. Mwisho tunasoma majina ya wanaodaiwa, watu wanainamisha vichwa, nasi tunakaa. Taarifa ya mwaka huu mnayo mikononi, imechapwa katikati ya kijitabu hiki, na wakaguzi wameipitia. Hatutaisoma. Tumeomba muda huu tuwaambie mambo matatu ambayo hayaonekani katika taarifa ile, ingawa kila moja limeacha alama yake mle ndani. Wenyewe wametupa ruhusa. Majina hatutayataja, na tunawaomba msiyatafute.

Tutaanza na la kwetu sisi kamati, maana si haki kuanika nguo za wenzako kabla ya zako.

Miaka michache iliyopita ndugu yetu mmoja alifiwa na mama yake hapa mjini, alikokuwa amemleta kutibiwa. Katiba yetu wakati ule ilisema mwanachama akifiwa na mzazi, chama kitatoa rambirambi, kitakodi gari la kusafirisha mwili na kupeleka watu wa kuzika. Ilisema pia kwamba mwenye deni la zaidi ya miezi sita hatahudumiwa. Ndugu yetu alikuwa na deni la miezi 26.

Simu ilipigwa usiku. Sisi tukafungua daftari. Katika kazi yetu ya uhasibu tumefundishwa kwamba kanuni ikivunjwa kwa mmoja imevunjwa kwa wote, na hilo tunaliamini mpaka leo. Lakini usiku ule hatukuishia kwenye kanuni. Mmoja wetu alisema, "Mbona gari analo, kila siku tunamwona barabarani?" Mwingine akasema, "Na suti ile aliyovaa harusini mwezi wa kumi na mbili aliinunua kwa nini?" Hakuna aliyesema, hebu twende kwake tukamwone. Tukamwandikia ujumbe wa simu: chama kinakupa pole, ila kwa mujibu wa katiba hustahili huduma. Tukaenda kulala.

Yeye alimsafirisha mama yake kwa lori la mfanyabiashara wa tangawizi lililokuwa likipanda tupu kwenda Same kupakia. Mnajua barabara zetu. Lori lilifika pale linapofika, likashindwa kuendelea. Kutoka pale hadi nyumbani ni mlima. Majirani waliposhuka kupokea msiba walikuwa wachache, kwa sababu ilikuwa siku ya gulio. Wazee wakamuuliza, "Kijana, wenzako wa chama wako wapi?" Akawajibu, "Wako njiani."

Jibu lile tulilisikia miezi miwili baadaye, kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwepo. Alidhani gari letu liliharibika. Alikuja kutupa pole.

Hapo ndipo tulipoanza kuuliza mambo ambayo tungeuliza usiku ule. Gari halikuwa lake. Kazini walipunguza watu naye akawa mmoja wao, akawa anaendesha gari la mtu na kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri. Suti aliazima. Mama yake figo zilishindwa kufanya kazi, na mgonjwa wa namna hiyo husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Anayelipa kutoka mfukoni anajua maana yake: kwanza inaondoka akiba, kisha kiwanja, kisha vyombo vya ndani. Kwake iliondoka na ndoa pia. Mke alivumilia, akachoka, akarudi kwao na mtoto. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Sisi tulikuwa tukiutazama mtungi kwa nje na kusema umejaa.

Sisi wa Upare tulipaswa kuwa wa mwisho kufanya kosa hilo. Wazee mliopo hapa mlikuwa watoto, au mlisimuliwa na wazazi wenu, habari za mbiru. Mwaka 1945 watu walishuka kutoka milimani kwa maelfu hadi bomani Same kukataa ile kodi. Kutoa kodi halikuwa jambo geni kwao. Kilichowauma ni kodi ya kukadiriwa, mtu akae aseme fulani ana mali kiasi hiki, kwa hiyo atatoa kiasi hiki. Babu zetu walikataa kupimwa mifuko na mtu asiyejua yaliyomo ndani ya nyumba zao. Nasi wajukuu tulikaa mezani na kalamu, tukampima ndugu yetu kwa gari na suti.

Tulikwenda kwake, wazee wawili na mweka hazina. Mara ya kwanza hakufungua mlango. Mara ya pili alitupa chai ya rangi, akatusikiliza tulivyojieleza mpaka tukamaliza. Halafu akasema, "Wazee wangu, hela zenu sikuzihitaji sana. Nilihitaji watu wanne wa kunisaidia jeneza kuanzia lori lilipoishia."

Hatukuwa na la kujibu. Hata leo hatuna.

Kwenye mkutano mkuu uliofuata tulipeleka mabadiliko mawili ya katiba, nanyi mkayapitisha. La kwanza, msiba hausubiri daftari. Tunazika kwanza, habari ya deni tutaizungumza baada ya arobaini. La pili, hakuna jina la mdaiwa litakalosomwa hadharani kabla ya mtu kutoka kwenye kamati kufika nyumbani kwa mwenye jina. Tulitafuta wa kuifanya kazi hiyo ya kutembelea watu. Aliyejitolea ni yeye. Alisema, "Mimi nikibisha hodi, hawataniogopa."

Matokeo yake ni haya. Kulikuwa na majina 19 tuliyokuwa tukiyasoma mwaka hadi mwaka. Alizifikia nyumba zote 19. Watu 11 wamerudi kuchangia, wengine elfu mbili mbili, na tunazipokea. Wanne hawana uwezo kabisa, wagonjwa na wazee, nao tumewafutia. Wanne waliobaki fedha walikuwa nazo. Walikuwa na ugomvi, na hawakutaka kukaa chumba kimoja na mtu fulani. Sisi tulikuwa tumeandika "mdaiwa sugu". Mke wa ndugu yetu hakurudi, na hilo hatuwezi kulirekebisha kwa kifungu chochote cha katiba. Lakini mtoto huja kwake wakati wa likizo.

Jambo la pili linatoka kwa hao wanne. Wawili kati yao ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja.

Mdogo alikuwa na kazi nzuri. Mkubwa alikuwa mfanyabiashara wa mitumba, mtu wa safari, nyumbani hafichi mguu. Wakakubaliana kumjengea baba yao nyumba ya tofali za kuchoma. Mdogo atatuma fedha kila mwezi, mkubwa atasimamia. Ikaenda hivyo miaka miwili. Kwa simu nyumba ilipanda: leo msingi, kesho madirisha, mwezi ujao bati. Krismasi mdogo akapanda na familia yake bila kuaga, akakuta kuta zimefika kiunoni, ndani yake mahindi yameota. Yaliyosemwa siku ile mbele ya mzee hatutayarudia. Miaka tisa hawakusemeshana. Mmoja akiingia kwenye mkutano wetu, mwingine anakumbuka kwamba ana dharura. Watoto wa huyu wanapishana na watoto wa yule mtaani Dar es Salaam hawajuani.

Sisi wahasibu tunaijua njia aliyoipita mkubwa. Tumeiona katika ofisi nyingi. Mara nyingi mtu haanzi kwa kuiba, anaanza kwa kuazima. Mzigo wake wa nguo ulikwama, mkopo ukafika tarehe, akaona aibu kusema. Akachukua fedha ya matofali akijua mwezi ujao ataziba. Mwezi ujao akachukua nyingine kuziba ya kwanza. Kila mwezi unaopita bila kusema, neno la kusema linazidi kuwa zito, mpaka linafika mahali mtu anaona bora kupoteza ndugu kuliko kulitamka.

Kilichowakutanisha hakikuwa kikao chetu. Tulishawaita mara mbili, wakakataa. Ilikuwa ni ndiva.

Kwa vijana mliozaliwa mjini, ndiva ni lile bwawa dogo la wazee wetu kule mlimani. Maji ya chemchemi yanaingia usiku kucha, asubuhi linafunguliwa yanashuka kwa mfereji hadi mashambani, kila nyumba kwa zamu yake. Lisipozolewa tope linakufa, na likifa mashamba yote ya chini yanakufa nalo. Kwa hiyo unapigwa msaragambo, na kila nyumba inatoa mtu. Mwaka ule ndiva ya kwao ilikuwa imejaa tope. Siku ya msaragambo ilipotangazwa, mzee wao, aliyepita miaka 80, alitoa jembe lake akasema nyumba yake haina mtu mwingine, atakwenda mwenyewe. Jirani akawapigia simu wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wala hakumwambia huyu kwamba amemwita na yule. Wote wakapanda basi.

Msaragambo hauulizi nani ameongea na nani. Kazi inagawanywa kwa nyumba. Kwa hiyo walipewa kipande kimoja, mmoja anachimba, mwingine anapakia kwenye karai. Walifanya kazi tangu asubuhi hawajasemezana. Mchana wakala makande kwenye sinia moja na watu wengine, kimya. Jioni, maji yalipoachiwa yaingie, mkubwa akasimama mbele ya baba yao akiwa na tope mpaka magotini akasema, "Fedha ya nyumba nilikula mimi. Yote."

Mzee akajibu, "Nilijua. Nilikuwa nangoja uitamke ningali hai."

Tusiwadanganye kwamba walikumbatiana. Mdogo aliokota jembe akaondoka. Lakini baada ya miezi mitatu alitupigia simu sisi kamati, akauliza kama tunaweza kuwaandalia karatasi ya malipo. Tuliwaandalia ukurasa mmoja, wote wakaweka sahihi. Mkubwa analipa kila mwezi, fedha haipiti kwa ndugu yake wala kwake mwenyewe, inakwenda moja kwa moja kwa fundi na duka la vifaa, risiti zinakuja kwetu. Nyumba sasa ina bati, na mzee analala ndani. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Hawa bado hawajawa marafiki, ila wanasalimiana, na wote wawili wamelipa ada ya mwaka. Watoto wao walikutana kwa mara ya kwanza sikukuu iliyopita.

La tatu ni fupi, nalo ndilo lililotuleta hapa jioni hii.

Wote mnajua tangu Januari 2016 ada ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa. Ni jambo kubwa. Lakini kuondolewa ada hakukufupisha mlima. Sekondari yetu ya kata iko upande mmoja, vijiji vingine viko ng'ambo ya bonde. Mzazi wa ng'ambo ana njia mbili: mtoto aamke gizani na kurudi gizani, au apangiwe chumba karibu na shule. Wengi wanapanga. Binti wa miaka 15 anajipikia, anajilinda, anajifungia mlango usio na komeo.

Mwenzetu mmoja, mtu anayeheshimika, alimpangia binti yake chumba hivyo. Tulipopitisha wazo la bweni kwa mara ya kwanza, alisimama kwenye mkutano akasema kujenga bweni ni kudekeza watoto, kwamba sisi tulitembea na tukafaulu. Tukapiga makofi, wengine wetu. Mwaka uliofuata binti yake alipata mimba akiwa kidato cha tatu. Baba alimfukuza. Mama mtu alipomtetea, naye akaambiwa amfuate. Nyumba ikagawanyika. Baba akabaki mjini na televisheni yake, mama na binti wakahamia kwa shangazi wa binti kule nyumbani.

Shangazi mtu ndiye aliyekataa jambo lile liishie pale. Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba mabinti walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurudi katika shule za kawaida, alimchukua yule binti akaenda naye kwa mkuu wa shule. Kisha akapanda basi akaja huku kwenye mkutano wetu, hakualikwa. Alisimama mlangoni na kitenge chake akasema, "Wanangu, mimi nimekuja kumtunza mtoto wa mtoto ili mama yake asome. Hiyo kazi naiweza. Kazi ya kujenga siiwezi. Hiyo ni yenu." Akamgeukia kaka yake aliyekuwa amekaa safu ya mbele. "Na wewe, kaka, mlango wa chumba ulichompangia ulikuwa na kufuli? Ulikwenda hata siku moja kuuangalia?"

Kaka mtu hakujibu. Alitoka nje. Tulidhani tumempoteza. Wiki tatu baadaye fundi alitupigia simu kutoka kwenye jengo, akiuliza mbao zilizoshushwa pale ni za nani, maana dereva alikuwa na stakabadhi isiyo na jina la mtoaji. Tulifuatilia kama wahasibu wanavyofuatilia, tukajua. Binti alimaliza kidato cha nne. Baba alikwenda kumchukua siku ya mtihani wa mwisho, akamkuta shangazi getini amembeba mjukuu. Tuliambiwa alisimama muda mrefu kabla ya kunyoosha mikono ampokee mtoto.

Mkewe bado anakaa kule nyumbani. Baba hupanda kila mwisho wa mwezi. Wataamua wenyewe.

Ndugu zetu, jengo la bweni limefika kwenye lenta. Mbao za kuanzia paa mmekwisha kusikia zilivyopatikana. Tunahitaji zilizobaki, mabati, milango ya chuma yenye komeo la ndani, madirisha, vyoo, tangi la maji, na vitanda vya ghorofa. Mchanganuo wa kila kitu, kwa bei ya duka na kwa idadi, uko ukurasa unaofuata taarifa ya fedha. Usiridhike kwa sababu sisi tumesema. Usome, na ukiona bei unayoijua kuwa ndogo kuliko tuliyoandika, tuambie usiku huu huu. Kila mchango utapewa stakabadhi, mkubwa na mdogo, na picha za jengo zitatumwa kila hatua ikikamilika.

Kadi za ahadi ziko mezani. Namba za akaunti ziko jalada la nyuma. Mwenye bati moja ajaze bati moja. Mwenye mfuko mmoja wa saruji ajaze mfuko mmoja. Mwenye kuweza kitanda kizima, binti atakilalia. Mwenye nguvu za mikono, Desemba kutakuwa na msaragambo wa kusomba mchanga, na hapo hakuna anayepimwa kwa gari alilokuja nalo.

Na kuna wewe ambaye mwaka huu huna. Tunakujua upo, kwa sababu sisi wenyewe tumewahi kuwa wewe. Umekuja kwa sababu mtu alikusihi, na kadi ya ahadi mbele yako inakukaa vibaya. Iache wazi. Njoo utuambie, mwaka huu sina. Hatutaandika lolote zaidi ya hilo. Kwa miaka mingi tulidhani madeni ndiyo yanayoua chama. Tumejifunza kwamba chama kinakufa pale mtu anapokaa kimya kwa sababu anaogopa tutakavyomtazama.

Ndugu yetu tuliyeanza naye yuko humu ukumbini. Yeye ndiye atakayepita na kadi kwenye meza zenu. Akifika, msalimieni vizuri.

Na yeyote atakayefikwa na jambo, saa yoyote, awe ametoa au hajatoa, apige simu. Tutakuja. Na lori likiishia njiani, tutabeba.